Hongera, Mwenye Kiwanda

Hongera, mwenye kiwanda. Simu zako zina adabu kuliko wageni wetu wa Majengo, hapa Meru: garanti ikiisha leo, kesho zinaaga. Betri umeibandika kwa gundi, skrubu umezipa vichwa visivyokubali bisibisi yoyote, ili fundi wetu, ambaye hufufua redio zilizorithiwa kwa mababu, ashindwe hata kufungua mlango.

Si wewe uliyeanza. Mnamo Desemba 1924, mabwana wa Osram, Philips na wenzao walikutana Geneva wakaunda muungano wa Phoebus, na lengo lao likawa balbu isiwake zaidi ya saa 1,000. Kiwanda ambacho balbu zake ziliishi kupita kiasi kilipigwa faini. Faini, jamani, kwa kosa la kutengeneza kitu kizuri! Hata kanjo wetu hajawahi kufikiria hiyo.

Tatizo ni mazishi. Maiti ya simu haiozi. Nyaya huchomwa ili shaba iuzwe kwa kilo. Moshi wa plastiki tunagawiwa bure, na risasi iliyomo kwenye solda za televisheni kuukuu hushuka udongoni, jirani na sukuma wiki.

Bunge nalo likapitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, 2022, inayokutaka wewe uwajibikie bidhaa yako hata ikishakuwa taka. Karibu basi uwachukue marehemu wako. Tumekuwekea magunia mawili. Chaja bado hatujazihesabu.