Toa Mkono kwenye Gia

Jumamosi asubuhi bibi harusi alishuka kwenye gari langu katikati ya mwinuko, akakunja shela, akapanda bodaboda kiupande, na pikapu ya matarumbeta ikamfuata ikipiga wimbo ule ule uliokuwa umeanza kwa ajili yetu. Mimi nilibaki kando ya lami na shangazi yake. Shangazi alikuwa kiti cha nyuma. Katika Karmann Ghia kama hili langu mtu wa nyuma hatoki mpaka kiti cha mbele kikunjwe na mtu mwingine, na yeye alikuwa ameshatamka kwamba afadhali azikwe humo kuliko kupewa mkono na mimi. Sasa sokoni kwetu Vurra, nje ya Arua huku Uganda, vijana wananiita Toa Mkono. Hata wanaouza mihogo.

Kiini cha ugomvi ni kishikio cha gia. Nitaeleza polepole, kwa sababu Jumamosi hakuna aliyenipa nafasi ya kueleza.

Gari hili lina vikanyagio viwili tu, mafuta na breki. Klachi ipo, klachi ya kweli yenye sahani yake, ila haikanyagwi na mtu. Gia unabadilisha kwa mkono wako, tatu za mbele na moja ya kurudi nyuma, na klachi inajifungua yenyewe ikihisi kwamba umeigusa gia. Itahisije? Chini ya kishikio kuna swichi. Ukikisukuma kidogo tu, umeme unakimbia hadi nyuma kwenye injini, unafungua vali, na ule mvuto wa hewa wa injini yenyewe, pumzi ambayo pistoni zinavuta kila zikishuka, unavuta kiwambo cha mpira kinachofungua klachi. Ukiachia, hewa inarudi taratibu na klachi inashika. Hata huko kurudi kuna adabu: ukiwa umekanyaga mafuta klachi inashika upesi, ukiwa umeachia inashika kwa upole ili gari lisishtuke. Mwaka 1968 Volkswagen walikuwa na kitu kinachopima nia ya mguu wako bila kompyuta hata moja.

Halafu kuna tangi. Unapopanda mlima ukiwa umekanyaga mafuta hadi chini, mvuto wa injini hupungua, na klachi ingekosa nguvu pale pale unapoihitaji. Basi wakaweka tangi la bati la kuhifadhi utupu. Nimeliangalia mara nyingi nikiwa nimelala chini ya gari. Watu huweka akiba ya maji, ya mtama, ya fedha kwenye SACCO. Wajerumani wale waliweka akiba ya kutokuwa na kitu, na wakaifungia ndani ya bati isitoroke.

Kati ya injini na klachi hiyo kuna torki konveta, mapanga yanayotazamana ndani ya mafuta: ya upande wa injini yanasukuma mafuta, mafuta yanasukuma ya upande wa gia, na chuma na chuma havigusani. Ndiyo maana unaweza kusimama gia ikiwa imeingia na injini isizime. Porsche walifanya mfumo wa jamii hiyo hiyo wakauita Sportomatic, na mwaka 1967 gari lao aina ya 911 lenye mfumo huo lilishinda mashindano ya saa 84 kule Nürburgring, Ujerumani. Saa 84! Lakini hakuna aliyekuwa amebeba bibi harusi.

Familia ilinifuata yenyewe. Walisema kila harusi ya Arua ina Premio yenye utepe, wao wanataka gari la michezo. Niliwaambia ukweli: Karmann Ghia ina umbo lililochorwa Italia na kufuliwa kwa mkono kule Osnabrück, lakini injini ni ya Beetle, silinda nne zinazopozwa kwa hewa, na michezo yake ni ya kutazamwa. Wakasema hata harusi ni ya kutazamwa. Hapo tukaelewana.

Tulitoka Vurra vizuri. Bibi harusi mbele kushoto, shangazi nyuma, pikapu ya bendi ikitufuata, bodaboda zikipiga honi. Tulipita njia panda ya Kuluva watoto wakishangilia. Shida ni kwamba gauni lilikuwa na matabaka mengi ya neti, na shangazi, kwa kuogopa vumbi, alilishika kwa nyuma akalivuta kwake. Gauni likakaza, likalalia gia. Kila bibi harusi alipopunga mkono kusalimia watu, gauni lilijivuta, klachi ikafunguka, injini ikanguruma bila kazi, gari likapoteza mwendo. Aliposhusha mkono klachi ilishika, gari likaruka mbele, na kofia ya shangazi ikagonga paa. Na alikuwa bibi harusi mwenye marafiki wengi. Bendi nyuma yetu walifikiri nataka kuongoza wimbo: injini ikipanda nao wanaharakisha, ikishuka nao wanapunguza. Mpiga ngoma alianza kunitazama kwa chuki.

“Mwanangu,” shangazi akasema, maana injini iko mgongoni mwake na alikuwa akiisikia kuliko mtu yeyote, “gari lako lina sauti ya kwenda Juba, lakini ule mwembe naujua na haujasogea.”

“Shangazi, naomba uachie gauni.”

“Niachie lichafuke? Wewe ndiye utakayelifua?”

Kwenye mwinuko wa kuingia mjini Arua mkono wa bibi harusi ukapanda na kubaki juu, kwa sababu hapo ndipo walipokuwa wamejipanga wenzake wa shule. Klachi ikafunguka moja kwa moja. Injini ikalia hadi ndege wakaruka mitini, na gari likaanza kurudi nyuma kuelekea pikapu. Wapiga tarumbeta waliruka chini na ala zao. Nikakanyaga breki, na hapo wakaja wasaidizi. Arua haina upungufu wa wasaidizi. Kijana mmoja wa bodaboda aliingiza mkono dirishani, akaikamata gia barabara ili “isiruke”, na wenzake wakaanza kusukuma kwa nyuma.

“Toa mkono kwenye gia!” nikapiga kelele.

“Tulia mzee, nimeishika vizuri. Wewe endesha tu.”

“Ukiishika haiendi!”

“Ndiyo maana nimeishika, isiende vibaya.”

Nifanye nini na mantiki ya namna hiyo? Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo alivyokaza. Bibi harusi alitutazama, akaangalia saa, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, “Kaka, mimi nitapanda boda.” Aliyempakia ni yule yule kijana. Mkono ulipotoka kwenye gia, gari likapanda mlima wote bila tatizo, na shangazi ndani akinuna. Salio la kukodi gari sijalipwa.

Mengine ni madogo. Mtu mmoja mwenye sare mpakani alinifungulisha boneti ya mbele, akakuta tairi la akiba, akauliza injini nimemuuzia nani huko Aru. Msamaria mmoja alileta dumu la maji ya rejeta, akakasirika nilipomwambia gari halina rejeta. Fundi alinijengea kizimba cha mbao kuzunguka gia. Kizimba kikawa kinaigusa chenyewe.

Moja ndilo halijanitoka. Njiani kwenda Kampala askari alilizunguka gari, akauliza natoka wapi, nikasema Arua. Akacheka. “Basi hili ndilo lile la Amin.” Nilimweleza, kwa sababu kueleza ni ugonjwa wangu, kwamba gari la Rais Idi Amin lililojulikana lilikuwa Citroën SM ya Ufaransa, yenye injini ya V6 ya Maserati na springi za mafuta na gesi, na kwamba hili langu halina undugu wowote nalo. Akaendelea kucheka, na hakuwa anacheka gari. Amin aliondoka Kampala Aprili 1979. Kuanzia Oktoba 1980 jeshi jipya lilipolipiza kisasi West Nile, kwetu na kwao Amin, watu wa huku, waliompenda na waliomwogopa, walivuka kwenda Zaire na Sudan wakiwa na sufuria kichwani. Kiswahili cha wazee wengi wa Vurra kilinolewa huko ng'ambo, kwenye makambi na masoko. Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, hapo nje ya Arua, waliuawa na askari. Miaka zaidi ya arobaini baadaye mtu akisikia unatoka huku, anatafuta kwenye gari lako urithi wa Amin. Hakuna mtu wa kwetu aliyerithi Citroën.

Alinirudishia leseni, akaegemea dirishani kunitakia safari njema, na kiganja chake akakiweka wapi? Injini ikanguruma, akaruka nyuma, akaniambia nisimtishe.

Sasa kuna mfanyabiashara wa Koboko anayelitaka. Atatoa bei nzuri, anasema, nikikubali kwanza kuling'oa hilo dude na kuweka gia ya Probox. Nilimweleza kwa simu kwamba injini ya Probox iko mbele na hii iko nyuma, na kwamba dude lenyewe ndilo gari, hadi muda wa maongezi ukaniishia. Anakuja Jumapili kulijaribu. Nimemwomba akae kushoto na mikono aiweke mapajani mpaka turudi. Akaniuliza, sasa atakuwa amejaribu nini.