Hongera kwa Chombo

Hongera, kaka, kwa pikipiki ya cc 250. Tunduma nzima imesikia. Ambaye hajasikia, bomba lako la moshi litamfikia kesho alfajiri. Boxer na TVS za vijana wa boda sasa unaziita baiskeli. Sawa. Ila spea za hizo baiskeli zipo kila kona, na cheni yako inasubiriwa kutoka Dar es Salaam, ipande kwanza mlima Kitonga.

Foleni ya malori ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, nayo haiulizi cc. Kijana wa Boxer, abiria nyuma na gunia mbele, anapenya katikati ya matela. Wewe na usukani wako mpana mnabaki kuvuta moshi wa dizeli.

Kuosha unaosha, asubuhi na jioni, tangi linang'aa hadi Vwawa. Oili je? Fundi alipofungua injini alinyamaza, na fundi akinyamaza ujue anapiga hesabu. Kutu ya cheni iliyopo sasa, nadhani, ilianza kabla Songwe haijamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.

Shemeji kaniuliza kama utampeleka sokoni Mlowo. Nimemwambia achukue boda.