Kalenda ya Wote: Mhadhara wa Mtaalamu Kutoka Mbamba Bay

  

Mwenyekiti wa mkutano, viongozi wa ushirika, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojazana nyuma karibu na soketi za umeme. Mshereheshaji amenitambulisha kwa sentensi moja tu, jambo lisilokubalika kitaaluma, kwa hiyo nitamsaidia. Mimi ni Mtaalamu Mwandamizi wa Kalenda za Mtandaoni, Kanda ya Ziwa Nyasa na Milima Yote ya Umatengo. Cheo hiki sikupewa na mtu, maana hakupatikana mwenye sifa za kunipa. Nilikipokea kwa unyenyekevu mkubwa kutoka kwangu mwenyewe.

Najua mnanong'ona kwamba kalenda mnazo. Naam, nimeziona. Ipo ukutani sebuleni, juu ina picha ya askofu, katikati siku za watakatifu, na pembeni mmezungushia kalamu ya bluu: marejesho ya vikoba, ada ya mtoto, ubatizo, siku ya kupeleka kahawa chamani. Kalenda nzuri. Ila ukienda Songea, yenyewe inabaki Mbinga. Na ulichokiandika wewe, shemeji yako wa Liuli hawezi kukisoma, ndiyo maana anaweka harusi siku ileile uliyopanga kumaliza msiba.

Dawa yake ni kalenda ya mtandaoni inayosomwa na wengi. Hapa nyoosheni kalamu, nasema mara moja. Kuna kumshirikisha mtu, yaani unaandika anwani yake ya barua pepe na kumpa ruhusa ya kuiona kalenda yako. Kuna kujiunga, yaani mwenye kalenda anakupa kiungo, unakiingiza kwenye kalenda yako, na kila akibadilisha tarehe kwake, na kwako inabadilika. Halafu kuna njia ya watu wenye haraka: kupakua faili na kuliingiza kwenye simu. Hiyo ni nakala. Wenzako wakisogeza mkutano, nakala yako haisogei, nawe utafika ukumbini ukute mbuzi wamelala jukwaani.

Programu za kampuni tofauti zinaelewana kwa sababu zinafuata kanuni moja, iitwayo iCalendar, iliyochapishwa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009. Faili lake huishia na herufi ics. Kwa hiyo kalenda ya Google, iliyofunguliwa kwa watu mwaka 2006, inaweza kusomwa kwenye simu ya Apple bila ugomvi. Vikao vya kutunga kanuni hizo mimi sikualikwa, na ukizisoma utaliona pengo langu.

Lakini msidhani Wazungu ndio waliotangulia. Simameni barabarani muitazame milima yetu wakati ngoro zimechimbwa: shimo kando ya shimo, tuta kati ya shimo na shimo, safu juu ya safu, mlima mzima umekuwa ukurasa wa mwezi wenye vyumba vya tarehe. Wamatengo walikuwa wakilima kalenda kabla Silicon Valley haijapata jina. Na kushirikishana je? Wazee walikuwa na sengu, wakila pamoja kwa mkubwa wa ukoo, na hapohapo wanapanga nani atalimiwa lini, nani ana kesi, nani anaozesha. Kila aliyekula aliondoka na ratiba ya ukoo mzima kichwani. Bando halikuhitajika. Asiyetokea kula ndiye aliyekosa taarifa, na kosa likawa lake.

Sasa tufike kwenye sayansi yenyewe. Vijana, acheni kuchati.

Simu haijui saa zetu. Hata ukiiwekea lugha ya Kiswahili, ikakuandikia Jumatatu na Jumanne vizuri kabisa, saa zake zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane na si alfajiri. Chama kimoja cha ushirika, nisichokitaja kwa kuwa katibu wake amekaa mstari wa tatu amevaa koti la kahawia, kiliwafungulia wanachama kalenda. Katibu akaandika: Mkutano Mkuu, Jumamosi, 3:00. Alikusudia saa tatu asubuhi, kama alivyofundishwa na mama yake mzazi. Simu ikaelewa saa tisa usiku. Na kwa kuwa kikumbusho kiliwekwa dakika 30 kabla, saa nane na nusu za usiku simu zote za wanachama zikalia kwa mkupuo mmoja, kuanzia bondeni hadi kileleni. Mbwa wakaitikia. Mzee mmoja akatoka na panga akidhani kahawa inaibwa kwenye vichanja. Mama mmoja, mwanachama hai asiyedaiwa hata shilingi, alifika ukumbini na tochi na daftari lake la hisa, akakuta popo. Katika chama chote ni yeye peke yake aliyeitii kalenda kama ilivyoandikwa. Nimependekeza awe mwenyekiti.

Kanuni ni nyepesi. Asubuhi na mchana, ongeza sita: saa tatu ni 9:00. Usiku, ongeza... hapana, hesabu hiyo ni ya ngazi ya juu, msiinakili. Karirini tu: saa nane mchana ni 14:00, saa mbili usiku ni 20:00. Na mkesha wa kuamkia Jumapili uandikwe chini ya Jumamosi, la sivyo kwaya itakesha siku ambayo wenzao wanalala.

Halafu utaulizwa majira ya eneo lako. Utatafuta Mbinga kwenye orodha, haipo. Nimekasirika sana kwa niaba yenu. Chagueni Dar es Salaam au Nairobi, yote ni saa 3 mbele ya zile za Greenwich. Msipuuze hatua hii, hasa nyinyi mnaofanya biashara na ng'ambo ya ziwa. Malawi na Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa nzima. Ukiandika kikao saa 9:00 kwa majira ya Dar es Salaam, mwenzako aliyejiunga akiwa Nkhata Bay atakiona saa 8:00, nanyi mtapigiana simu kwa wakati mmoja. Ukimwambia kwa mdomo tu, mmoja wenu atakaa saa nzima akimlaani mwenzake, na atakuwa anamlaani Mmalawi asiye na kosa.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya kisasa, hayatuhusu. Nawarudisha Liuli, mwaka 1914. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya lile jiwe mnalolijua, waliloona linafanana na Sphinx wa Misri. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, nahodha wa Gwendolen, meli ya Waingereza wa Nyasaland. Walizoea kunywa pamoja. Tarehe 4 Agosti Uingereza ikaingia vitani na Ujerumani. Habari ikamfikia Rhoades, haikumfikia Berndt. Siku chache baadaye Gwendolen ikatokeza mbele ya Liuli ikaanza kupiga mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alirukia mashua, akapiga makasia huku amefura, akaenda kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Akaelezwa kwamba kuna vita, akawekwa chini ya ulinzi palepale.

Wanahistoria wanaandika kwamba hayo ni miongoni mwa mapigano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza. Mimi naandika kwamba ni kalenda isiyoshirikishwa. Serikali nzima ilikuwa na tukio zito namna ile, na mhusika mkuu hakupewa mwaliko. Berndt angekuwa amejiunga, ile meli ingeshushwa majini mapema.

Ingawa, kwa uaminifu wa kitaaluma, kujiunga nako kuna uvivu wake. Kalenda uliyojiunga nayo kwa kiungo haisomwi upya kila dakika. Kwenye Google mabadiliko yanaweza kuchukua hata saa 12 kukufikia. Kwa sikukuu za mwaka hilo si neno. Kwa meli ni neno kubwa. Upepo wa mwera ukianza kuvuma, nahodha haahirishi kwa notisi ya saa 12. Kwa hiyo abiria wa Lituhi na Mbamba Bay, jiungeni na ratiba siku meli itakapowekewa kalenda, na hilo nalidai rasmi kutoka jukwaa hili, lakini mkishajiunga tokeni nje mwangalie mawimbi.

Wavuvi ndio wanafunzi wangu bora. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, huvuliwa kwa taa gizani, na mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, nyavu zinaanikwa, watu wanashona. Sasa kwenye kalenda ya Google ipo kalenda ya mwandamo wa mwezi, tayari, bure, inaonyesha mwezi mchanga na mwezi mpevu wa miezi ijayo. Unaichagua kwa kompyuta, kwa hiyo nenda steshenari ukatumie ya pale, kisha itakuja yenyewe kwenye simu. Nilimwonyesha mzee mmoja ufukweni. Akaitazama, akanirudishia simu, akaniambia mwezi uko juu pale, na hauli chaji. Nimeupokea mchango wake kama maoni ya wadau.

Kalenda ya sikukuu za Tanzania nayo ipo kwa namna hiyohiyo: Mapinduzi, Muungano, Saba Saba, Nane Nane, zote zimeshajazwa. Idi imeandikwa pia, ila ndugu zangu Waislamu msichinje kwa kuamini simu. Tarehe ile ni makadirio, hadi mwezi uonekane na itangazwe.

Nimefika kwenye kiini, na hapa naomba mlango ufungwe. Ni ruhusa.

Kwenye Google, unapomshirikisha mtu kalenda kuna ngazi 4. Ya chini kabisa anaona tu kwamba una shughuli au huna, bila kujua shughuli gani. Ya pili anaona yote uliyoandika. Ya tatu anaweza kuyabadilisha. Ya nne anaweza hata kuwashirikisha wengine. Tazameni jinsi ngazi hizi zinavyofanana na jamii yetu. Mgeni rasmi amejiweka ngazi ya kwanza: tunajua ana shughuli, hatujui ipi, wala itaisha lini. Sherehe inaandikwa saa tatu asubuhi. Watoto wa shule wanasimama juani na mashairi yao kuanzia saa mbili. Saa sita ngoma za lizombe zimechoka. Saa nane mchana gari linaonekana, watu wanapiga vigelegele, na hotuba inaanza kwa kusifu ushirikiano. Angetushirikisha kalenda yake kwa ngazi ya pili tu, watoto wale wangesoma somo la hisabati kabla ya kuja. Lakini hawezi, maana tungeona kwamba kati ya saa tatu na saa nane hapakuandikwa kitu.

Na wenyeviti wetu, hata huyu aliyekaa kulia kwangu anayetabasamu kwa shida, hupenda kuwapa wanachama ngazi ya pili, wakabaki peke yao na ya tatu. Si vibaya. Chama cha watu mia wote wakiwa na ruhusa ya kubadilisha, mkutano wa mapato na matumizi utahamishwa usiku kila ukikaribia. Ila ngazi ya pili iwe ya kweli. Tarehe ya kahawa kwenda mnadani, tarehe ya malipo, tarehe ya wakaguzi: ziandikwe zote na wanachama wajiunge. Kiongozi anayebeba ratiba ya watu kichwani mwake anajua kwa nini haiandiki, na watu nao wameshaanza kujua.

Mengine haraka, maana naona watu wa chai wamefika. Kile kiungo cha siri cha kalenda yako kina sababu ya kuitwa siri. Ukikibandika kwenye kundi la WhatsApp, yeyote atakayekipata ataisoma kalenda yako, siku ya safari yako na siku nyumba itakapokuwa tupu. Ukishakosea, kifute utengeneze kipya. Na ukiona kwenye simu tukio linalokupongeza kwa kushinda gari, usilifungue. Matapeli hujaza mialiko kwenye kalenda za watu. Nenda kwenye mipangilio uamuru mialiko ya wasiojulikana isiingie mpaka uikubali mwenyewe.

Maswali hayataruhusiwa, kwa kuwa nimeshayajibu. Vyeti vya kuhudhuria vipo, vimesainiwa na mimi kama mtoa mada, mkuu wa chuo na shahidi.

Mwisho, mheshimiwa mhazini. Kutoka hapa Mbinga hadi Mbamba Bay ni zaidi ya kilomita 60, na gari la mwisho halinisubiri. Nauli yangu ya kurudi na posho ya mhadhara nimeziingiza kwenye kalenda ya chama tangu juzi, leo, saa sita mchana, yaani 12:00, kwa ngazi ya pili ili wanachama wote waone. Sasa ni saa sita na robo. Tafadhali fungua simu yako.