Pongezi kwa Wadai wa Annexe

Wanaolalamika kwamba huduma hazifiki komuni ya Annexe, Lubumbashi, hawajawahi kukopa kwa wakopeshaji wa mtaani tunaowaita Banque Lambert. Umeme huchelewa na maji husita njiani, lakini mdai hufika saa kumi na moja alfajiri, Jumapili, barabara ikiwa tope tupu. Anaujua mlango, anajua hata sufuria ipi ni mpya.

Linganisha na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika ya kuoanisha sheria za biashara, ambayo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga nayo mwaka 2012. Sheria yake ya kukamata mali inadai hati ya utekelezaji pamoja na huissier wa mahakama. Tena, pasipo ruhusa maalumu ya hakimu, isiwe Jumapili, wala nje ya saa zilizowekwa. Ucheleweshaji mtupu! Mdai wetu ni hakimu, karani na mchukuzi kwa mpigo. Hukumu huisoma mlangoni, rufaa husikilizwa na majirani. Televisheni hutoka, godoro hufuata, deni hubaki palepale. Risiti? Kati ya ndugu, karatasi ni matusi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimsumbue kwa maswali ya sheria. Ukikopa, lala mlango wazi: kitasa kikivunjwa, gharama huingia kwenye riba.