Fungu Lenye Nyongeza

Oktoba ni mwezi wa rozari, na jumuiya yetu ya Mtongani, wilayani Temeke, husali kila jioni nyumba kwa nyumba. Jumatatu moja nikapewa niongoze fungu la tano. Rozari yangu ilikuwa imekatika, nikawa nahesabu kwa vidole. Nilipofika kidole cha nne nikayakumbuka maharage. Nilikuwa nimeyaacha jikoni, mkaa umekolea, maji kiduchu. Kuanzia hapo mdomo ulibaki pale sebuleni kwa watu. Mimi mwenyewe nilisharudi nyumbani kufunua sufuria.

Salamu Maria ya kumi na mbili, bibi mmoja akakohoa. Ya kumi na nne akafumbua jicho moja.

"Mwanangu, fungu hili lina nyongeza?"

Waliotangulia kucheka ni wale mama wawili wanaouza nyanya soko la Tandika. Wao nyongeza wanaijua.

Na tendo lenyewe lilikuwa lipi? Jumatatu ni matendo ya furaha, na la tano ni Yesu kukutwa hekaluni: wazazi wake wametembea mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo kwenye msafara. Siku nzima! Nikajifariji kidogo, maana mimi nilipotea Salamu Maria nne tu. (Maharage yalikuwa makaa. Tulikula wali kwa kachumbari, na mume wangu hakuuliza kitu. Bora angeuliza.)

Nikaapa kwamba wiki ile nitakuwepo. Katekista aliwahi kutusimulia habari za Ndugu Lawrence, mtawa Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691, mpishi wa nyumba ya watawa, ambaye kwake kelele za jikoni na utulivu wa kanisani vilikuwa kitu kimoja: Mungu yuleyule, masufuria mengi. Basi Jumanne nikazima simu, nikavuta kigoda, nikayakodolea macho maharage kama vile yangenihukumu siku ya mwisho. Yaliiva, yakalainika kama siagi. Kumbe mwenyekiti wa jumuiya alikuwa getini na daftari la zaka. Alipiga hodi mara tatu, sikusikia hata moja.

Jumatano, wakati wa maombi, mtu mmoja akawaombea ndugu zetu wanaosikia hodi wakanyamaza. Nikaitikia kwa nguvu kuliko wote. Nilikuwa nafungua mlango wangu usiku ndipo nikaelewa.

Alhamisi nikahamishia zoezi kwenye daladala. Kupata siti ya dirishani Kariakoo saa kumi na moja jioni ni muujiza unaojitosheleza, lakini mimi nikataka kuongeza. Nikafumba macho nisali matendo ya mwanga, yale aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002, ambayo mpaka leo la tatu na la nne hunichanganya. Sikusikia muziki wala honi, hata jirani aliyeniegemeza ndoo ya dagaa sikumhisi. Nikasema moyoni, leo nimeweza.

Nilipofumbua macho tulikuwa Rangi Tatu, gari tupu.

"Mama, Mtongani nimeita mpaka koo limekauka," konda akasema. "Ulilala?"

"Sikulala. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

Nikashuka, nikatafuta gari la kurudi na nauli nyingine.

Jumatatu iliyofuata zamu ilikuwa nyumbani kwa bibi yule wa nyongeza. Nikapewa fungu lilelile la tano. Nadhani ilikuwa makusudi. Safari hii nilikuwa na rozari mpya, kila punje nimeibana kama chenji. Nikaenda vizuri, moja, mbili, mpaka harufu ya kitu kinachoanza kushika chini ikapenya pazia. Pua zote zikageukia jikoni, ila hakuna aliyethubutu kusema.

Bibi akanyanyuka taratibu, akajifunga khanga, akaingia jikoni. Nikataka kunyamaza nimsubiri, lakini kutoka kule ndani sauti yake ikaendelea kuitikia, palepale panapotakiwa, haipungui wala haizidi, huku mfuniko ukigonga na maji yakimiminwa. Akarudi akijipangusa mikono, akaketi.

"Hii ya nane," nikamnong'oneza, nimsaidie.

"Ya saba," akasema. "Endelea."