Bati Lioge, Sisi Tukose Udhu?

Kibiti mjini mtu akishaezeka bati hulisahau. Kule ni mchanga, mikorosho na vumbi la barabara ya Kilwa. Bati litapauka, litaangukiwa na maembe ya jirani, litapigwa mawe na watoto wenye manati, lakini litakaa. Mambo hubadilika ukiiacha barabara kuu pale Bungu, ukashika njia ya Nyamisati, kisha ukapanda mashua kuingia mikokoni. Huko bati halipauki. Huko bati linaliwa.

Wakwe zangu wanaishi huko, upande wa Simba Uranga, mahali ambapo upepo wa kusi ukitoka baharini haupati wa kuuzuia mpaka ufike kwenye baraza ya mama mkwe. Baraza hiyo ilikuwa ya makuti juu ya boriti za mikoko, na haikuwa na tatizo lolote isipokuwa tandu. Tandu wa makuti ana akili zake: hushuka wageni wakiwepo, tena katikati ya sinia la wali. Mama mkwe akachoka. Akamwambia binti yake, binti akaniambia mimi, kwa kuwa mkwe haombwi uso kwa uso. Ombi likishapita njia hiyo, wenye ndoa wanajua, si ombi tena ni hukumu. Fedha ikatoka.

Manunuzi alikabidhiwa shemeji, anayejulikana ukoo mzima kama mtu wa mjini kwa sababu aliwahi kukaa Mbagala. Akaenda Dar es Salaam na fedha ya bati la geji 28, akarudi na geji 32. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuezeka, geji huhesabiwa kinyumenyume: namba ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba. Shemeji aliona 32 imeizidi 28 na bei imepungua, akamshukuru Mungu kwa bahati ile. Chenji sikuiulizia. Shemeji ni shemeji.

Mabati yakasafiri sakafuni mwa mashua, juu yake kreti za soda, magunia ya unga na abiria. Mlangoni mwa mto wimbi likaingia bila nauli. Yakateremshwa yakiwa yamelowa maji ya chumvi, yakapangwa moja juu ya jingine, yakafunikwa turubai kwa uangalifu mkubwa ili yasilowe. Hapo kuna jambo watu wengi hawalijui. Bati ni chuma kilichovikwa zinki, na zinki ndiyo inayotangulia kufa ili chuma kipone. Maji yakibanwa kati ya bati na bati, pasipo hewa ya kuyakausha, zinki huanza kuliwa kabla hata msumari wa kwanza haujapigwa, na kinachobaki ni unga mweupe. Turubai lilipofunuliwa, mabati yote yalikuwa meupe. Mama mkwe aliyatazama akaridhika kabisa.

"Ya kisasa haya," alisema. "Yanakuja yamepakwa poda."

Fundi alikuwa mtu wa Njombe, aliyeletwa Kibiti na kazi ya ujenzi wa shule, akaoa, akabaki. Kila alichojua kuhusu bati alikijua kwa ushahidi wa nyumba ya babu yake, ambayo kwa maelezo yake iliezekwa kabla baba yake hajazaliwa na haivuji hadi leo. Njombe ina baridi na ukungu, lakini haina bahari, na hilo halikuingia kwenye hesabu zake. Mkasi wa bati alikuwa nao. Akaudharau. Alikuja na jenereta na grainda, nadhani kwa ajili ya heshima, maana kijiji kizima kilikusanyika kutazama cheche. Watoto walishangilia kila alipokata. Zile cheche zilikuwa zinaunguza zinki kwenye kingo na kumwaga vumbi la chuma juu ya bati zima, na vumbi hilo likipata umande wa usiku mmoja tu linaota madoa mekundu. Yakaota. Fundi akasema ni rangi ya kiwandani inatokeza.

Tukashauriwa kupaka rangi. Mabati yakapigwa msasa, yakapakwa redioksaidi, ikafuata rangi ya mafuta ya kijani, na kwa kweli ukiwa ndani ya mashua baraza ya mama mkwe ilionekana kabla hujauona mnazi wowote. Upande wa chini fundi hakuugusa.

"Chini nani atatazama?" aliuliza.

Baraza ya Kirufiji! Mahali ambapo watu hula, hunywa kahawa, husuka mikeka, husuluhisha ndoa za wenzao, na baada ya chakula cha mchana hulala chali macho juu mpaka adhana ya alasiri. Kama kuna sehemu ya nyumba inayotazamwa kwa chini kuliko zote, ni hiyo.

Tena huko chini ndiko ugonjwa ulikokuwa. Juu ya paa masika humwaga mvua, mvua husuuza chumvi, bati hupumua. Chini ya baraza iliyo wazi, upepo huingiza chumvi kila siku na hakuna tone la mvua linalofika kuiondoa. Chumvi nayo haikai kavu. Huvuta unyevu wa hewa hata siku za jua, kwa hiyo bati hulowa bila mvua kunyesha. Kwa msimu mmoja wa kusi, mabati ya mama mkwe yalikuwa yamekolezwa chumvi kama ng'onda.

Aliyegundua ni mzee mmoja fundi wa mashua, aliyekuja kunywa kahawa. Alisimama, akainua mkono, akaliminya bati kwa dole gumba. Dole likatokea upande wa pili, kwenye ile rangi ya kijani nzuri. Akalichomoa taratibu, akalipangusa kwenye msuli.

"Mkwe wetu," aliniambia, "Mjerumani alileta hapa meli nzima ya chuma. Iko wapi? Wewe umeleta karatasi."

Alikuwa na haki ya kusema. Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha ikarudi kujificha kwenye mikondo hii ya Rufiji. Waingereza waliizingira kwa miezi mingi, mwisho wakaleta Severn na Mersey, meli za kina kifupi zinazoweza kuingia mtoni, na Julai 11, 1915 nahodha Max Looff akaamua kuizamisha mwenyewe. Mizinga yake kumi iliopolewa ikapelekwa kupigana nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, mwingine uko Pretoria, na yote miwili inapakwa rangi na kupigwa picha na watalii. Meli yenyewe iliachiwa kutu, tope na wakata vyuma chakavu. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100, na sidhani kama kuna aliyewahi kuiuliza ni ya geji ngapi.

Dawa ya mzee ilikuwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa wanayopaka mbao za vyombo. Kwa haki yake, alikataa pendekezo la shemeji la kutumia deheni, nayo ya kupaka vyombo, na alifanya vyema, kwa kuwa deheni ina chokaa, na chokaa mbichi ni adui mwingine wa zinki. Sifa ikapakwa upande wa chini, nzito, kwa brashi ya katani. Paka wa kijiji wakahamia kwetu siku ileile. Nzi nao hawakukaribishwa, walikuja tu.

Bati likapata nafuu. Tatizo ni kwamba wiki hiyo wakaja wazee kutoka Mafia kumposa mdogo wake mke wangu. Walikuja kwa heshima zote, kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, wakaketishwa barazani mahali pazuri zaidi, yaani chini ya bati lililopakwa zaidi. Saa saba ya mchana bati la geji 32 hupata moto wa kukaangia kisamvu cha jana. Sifa ikalegea. Tone la kwanza likamshukia mshenga begani wakati anataja nasaba ya kijana. Akanyamaza, akatazama juu, na la pili likampata puani. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, mahali pa mkwe, nikaitazama mikeka. Baba mkwe akaendelea kuuliza habari za Kilindoni.

Mshenga alijipangusa, akanusa kidole, na uso wake ukachangamka.

"Hii sifa safi," alisema. "Mnaitoa kwa nani?"

Wamafia ni watu wa bahari. Mazungumzo ya mahari yakakatika, yakaingia ya maini ya papa, bei zake na nani anayachakachua, hadi alasiri. Posa ilikubaliwa. Mahari yalipunguzwa kidogo kwa ajili ya kanzu.

Baada ya hapo nilimtafuta rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya rangi za meli. Ushauri wake ulikuwa wa kitaalamu na hauna gharama: suuza upande wa chini kwa maji baridi, mara kwa mara, chumvi isipate muda wa kukaa. Ni ushauri sahihi kabisa. Kasoro yake ni moja: kiangazi bahari hupanda mtoni, visima vinaingia chumvi, na maji ya kunywa huja kwa madumu ndani ya mashua, tena kwa fedha. Mke wangu aliufikisha ushauri kwa mama yake kwa maneno mazuri. Jibu lilirudi kwa njia ileile.

"Bati lioge, sisi tukose udhu?"

Shemeji, ambaye amesoma madrasa, akakumbusha kwamba hata maji ya bahari yanafaa kwa udhu. Akaambiwa ni kweli, basi atangulie yeye, na chai yake itachemshwa kwa hayohayo.

Mabati yakashushwa. Yaliyokuwa na uhai yamekwenda kuwa banda la kuku, ambao hawalali chali. Barazani yamerudi makuti juu ya boriti zilezile, na tandu wao wamerudi kwa wakati wake. Nyumba kubwa bado ina bati, na hapo nalitetea: mvua inalisuuza juu, dari inalikinga chini, na maji yake yanajaza simtanki, jambo ambalo makuti hayaliwezi bila kukupa maji yenye rangi ya chai. Hukumu yangu basi ni hii: pwani, weka bati panaponyeshewa, na baraza uiachie mnazi.

Na wewe muuza mabati unayesoma hapa, ukiwa na bati lenye alumini ndani yake na unaamini maneno yako kuhusu chumvi, tuletee. Lipande mashua likiwa kavu, likatwe kwa mkasi, lipakwe pande zote mbili, na ukae nalo barazani kwa mama mkwe mpaka kusi ipite. Chai ipo.