Nilitaka Gari Linisemee

Altezza yangu ilikuwa na aibu moja tu: ilikuwa kimya. Rimu za inchi 17 nilishaivalisha, springi nilishazikata mpaka paka wa mtaani akahama uvunguni, taa za nyuma nimezipaka weusi. Lakini ukiwasha, gari linakohoa kistaarabu kama mwalimu mkuu anayetaka kufungua kikao. Na injini yenyewe ni 1G-FE, cc 1,988, silinda sita kwenye mstari mmoja. Silinda sita hazikuumbwa kukohoa. Nikaamua kulifungua koo.

Fundi wangu yuko Tabata, chini ya mwembe. Nikamwambia nataka sailensa ya kutengenezwa kwa mkono, si hizi za dukani. Akafuta mikono kwenye kaptula.

“Bosi, sailensa ni kitu kidogo sana. Bomba lenye matundu, ndani ya kopo lisilo na matundu. Katikati unashindilia pamba. Sauti inapenya matunduni, inapotelea kwenye pamba. Basi.”

Hapo hakudanganya. Sailensa nyingi za kiwandani ni vyumba vyumba: sauti inagonga ukuta, inarudi, inakutana na nyingine inayokuja, zinauana. Hii ya kwetu inauacha moshi upite moja kwa moja, na kazi ya kunyamazisha inaachiwa pamba. Wazo lina ukoo wake pia. Hiram Percy Maxim, Mmarekani, alipata hataza ya kinyamazisho cha bunduki mwaka 1909, kisha akalipeleka wazo hilo kwenye ekzosi za injini. Baba yake ndiye yule Maxim aliyeunda bunduki ya bombomu, akaishia kuwa kiziwi kwa milio ya kazi yake mwenyewe. Baba anapasua masikio, mwana anayaziba. Mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa upande wa baba.

Bei ya ufundi ilinishangaza kwa udogo. “Ila ule uchafu wa ndani ya ekzosi ya zamani, niachie mimi,” akasema. “Yale masega yanaziba gari tu.” Nikamwona mtu mwenye huruma. Tutarudi kwenye huruma hiyo.

Kopo tulilipata la bure: mtungi wa kuzimia moto wa kilo sita, uliokwisha muda wake, mtupu, mwekundu bado. Bomba la ndani nilijipa kazi ya kulitoboa mwenyewe. Jumamosi nzima nimechuchumaa na kekee, nikivunja biti, chuma kikirukia kwenye soksi. Nilianza nikihesabu matundu, nikaishia nikihesabu dhambi. Jioni fundi akalinyanyua, akalichungulia juani, akasema linafaa kukunia nazi.

Ikabaki pamba. Inayotakiwa ni ya vioo, inayostahimili joto na kukuwasha mwili siku tatu. Hatukuwa nayo. Fundi akasema stilwaya ni yaleyale. Nikaenda kwa Mangi nikakomba stilwaya zote za kwenye rafu, na Mangi akaniuliza kama nimepata tenda ya kuosha masufuria ya jeshi.

Tukashindilia, tukachomelea, tukaunga na bomba la inchi tatu kutoka mbele hadi nyuma, kwa kuwa fundi ana imani kwamba bomba nene ni nguvu nyingi. Nikawasha. Nilitarajia simba. Ikatoka sauti ya mashine ya kusaga iliyofungiwa ndani ya pipa. Watoto wakashangilia, na mimi, Mungu anisamehe, nikadhani wameipenda.

Mlima wa Kimara ndio ulionieleza habari za inchi tatu. Injini ndogo ukiipa bomba pana mno, moshi unapoteza mwendo, na gari likiwa kwenye mizunguko ya chini halivuti. Nikakanyaga mafuta, kelele zikapanda, mshale wa spidi ukabaki pale pale. Daladala aina ya Coaster, watu wamejaa hadi mlangoni, ikanipita taratibu. Konda akachomoza kichwa: “Kelele zote hizo, kaka, kumbe hata huendi!”

Hilo nililimeza. Lililonishinda ni la nyumbani. Jioni moja nimepitia sehemu kidogo kabla ya kurudi, nikapiga simu kwa sauti ya mtu aliyechoka: “Mama watoto, niko Ubungo, foleni imekaza.”

“Ubungo ipi, ya hapo nyuma kwenye kitimoto? Nimekusikia ukizima gari.”

Tangu hapo sikuwa na siri. Mtaa mzima ulijua ninaamka saa ngapi, nimerudi saa ngapi, na siku niliyokaa nje ya geti dakika kumi nikijipanga maneno. Mwenyekiti wa mtaa, mzee wa heshima, aliitikia shikamoo yangu kisha akauliza kwa upole: “Mwanangu, gari lako linaumwa, au una hasira na sisi?”

Halafu stilwaya zikachoka. Usiku, Barabara ya Mandela, nikabadili gia na kukanyaga. Kwenye kioo cha nyuma nikaona cheche, vipande vyekundu vikiruka kama jiko la mchoma mishikaki limepigwa teke. Hatua chache mbele, trafiki. Akanisimamisha, hakuomba leseni. Akaenda nyuma, akachuchumaa, akamulika tochi kwa muda mrefu. Rangi ya mtungi ilikuwa imeungua nusu, lakini maandishi hatukuwa tumeyasugua. Akayasoma taratibu, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili.

“Vuta pini. Elekeza... kwenye... moto.”

Akasimama, akajipangusa magoti.

“Kaka, pini iko wapi?”

Sikuwa na jibu. Alicheka mpaka akamwita mwenzake naye asome, kisha akaniandikia faini kwa mkono uliokuwa bado unatetemeka.

Asubuhi yake nilikuwa chini ya mwembe, nikiomba ekzosi yangu ya zamani. Fundi akanionesha: imepasuliwa katikati kama papai, tumbo tupu. Masega yale ya kusafishia moshi, nimekuja kuelewa, yana platini na paladi ndani, na wanunuzi wake wanapita gereji hadi gereji wakiuliza kwa kilo. Ule uchafu nilioachia kwa shukrani ulikuwa na bei kubwa kuliko kazi yote aliyonifanyia.

“Usijali, bosi,” akasema, “nakwenda Gerezani sasa hivi nikutafutie sailensa iliyotumika.” Pembeni ya mwembe kulikuwa na pikipiki ambayo wiki iliyopita haikuwepo, kiti bado kina nailoni. Kianzio chake kilitoka wapi, sikuuliza. Akapanda, akaiwasha, akaondoka.

Haikusikika kabisa.